Siku Mama Alipotazama Kimbunga

Mama alitolewa mtoto wa jicho mwaka jana, jicho la kulia kwanza, la kushoto baadaye, na katikati ya hapo alikaa kwetu Kilole, mjini Korogwe. Kwa miaka kadhaa alikuwa akitutambua kwa sauti na kwa mwendo tu. Siku aliyofunguliwa bandeji alinitazama usoni muda mrefu, nikadhani machozi yatamtoka, nikajiandaa kulia naye. Akasema, "Kumbe umezeeka hivi, na hakuna aliyeniambia!"

Kuanzia hapo akawa anaikagua dunia upya. Aliyaona masizi kwenye sufuria zangu akayasugua mpaka nikaona aibu mbele ya majirani. Aligundua kwamba kuku niliyekuwa nikimsifia kuwa mweusi tii ana manyoya meupe shingoni. Lakini kilichomteka kabisa ni televisheni. Kwake Handeni hakuwa nayo, na hapa kwetu, kila alipokuja, alikuwa akiisikiliza kama redio huku ameelekea dirishani. Sasa alivuta kigoda akakaa karibu nayo kama mtu anayeota moto. Wasomaji wa habari wakisema habari za jioni, anawaitikia. Binti wa utabiri wa hali ya hewa alimkera, kwa sababu kila akisimama mbele ya ramani anaiziba Tanga kwa bega.

"Sogea kidogo, mwanangu," Mama alimwambia. "Na sisi tunataka kujua kama tuanike mahindi."

Jumapili moja mchana mvua ilinyesha tukashindwa kutoka. Mimi nauza vitenge soko la Manundu, na Jumapili ndiyo siku yangu ya kunyoosha miguu. Mume wangu, dereva wa malori aliyestaafu, alikuwa na rimoti mkononi akitafuta mpira. Badala ya mpira akakutana na makala ya kimbunga kilichoupiga mji mmoja wa pwani huko Marekani, miaka kadhaa iliyopita. Minazi ilikuwa imeinama kama inarukuu. Mume wangu akataka kupita.

"Acha hapo," Mama akasema. "Hiyo ni nini?"

"Kimbunga, mama."

"Acha hapo hapo."

Makala yenyewe ilikuwa ya Kiingereza. Mume wangu Kiingereza chake alikiokota barabarani, akiwaendesha wachimba visima wa kizungu kutoka kijiji hadi kijiji, kwa hiyo anajua vizuri sana maneno ya maji, tope, pampu na spana. Kwa makala ile yalimtosha kuanzia. Akawa anatafsiri, na Mama akawa anamsimamia.

"Anasema maji yalikuja kwa kasi."

"Mbona yeye amesema maneno mengi na wewe umesema matano?"

"Mengine ni ya kupamba tu, mama."

"Nipe na ya kupamba."

Tuliona watu wakipigilia mbao madirishani. Tuliona foleni ya magari yakiukimbia mji, na wengine wamebaki, wakisema wameshaona vimbunga vingi na hiki nacho kitapita. Halafu picha zikawa za simu za watu, zinatikisika, zina giza, na sauti ya upepo ikawa kubwa mpaka mume wangu akapunguza. Kulipokucha mji ulikuwa haupo. Maana yangu ni kwamba barabara zilikuwepo, nguzo chache zilikuwepo, lakini nyumba zilikuwa zimeondoka kwenye misingi yake. Jokofu lilikuwa juu ya mti. Mashua ilikuwa imelala kitandani kwa mtu, kwenye chumba kisicho na ukuta.

Nilikuwa na bakuli la karanga mapajani. Nikaliweka chini. Sikuona vizuri kutafuna mbele ya watu wale, ingawa hawanioni.

Kulikuwa na mwanamke mmoja wa makamo yangu, amekaa kwenye ngazi za nyumba ambayo haipo tena, anaeleza habari za mama yake. Alikuwa akiongea taratibu sana, kama mtu anayevuka chumba na bakuli lililojaa maji. Mume wangu akanyamaza.

"Sema," Mama akamwambia.

"Anasema mama yake alikuwa anaishi peke yake. Alimwomba waondoke wote, akakataa. Alikuwa akimpigia simu kila baada ya muda mfupi. Mwisho simu ikawa haiiti."

"Wakampata?"

"Walimpata baada ya siku kadhaa, mama. Alikuwa ameshafariki."

Mama alijifunga upya khanga yake. Nje mvua ilikuwa ikipiga bati letu, mvua ya kawaida ya Korogwe, na nikaisikiliza kwa namna ambayo sikuwa nimeisikiliza kwa muda mrefu.

Makala haikuishia hapo, na hilo ndilo lililonifanya niipende. Mtengenezaji wake, niliyemdhania kuwa mtu wa kututoa machozi tu, akatupeleka kwenye mtaa mmoja ambao umeme ulikuwa umekatika na vyakula kwenye majokofu vinaanza kuyeyuka. Watu wa mtaa ule walitoa kila walichonacho: nyama, samaki, kuku wazima. Wakawasha moto katikati ya barabara, juu ya vyuma vya lango lililoanguka, wakachoma. Walikula wote pamoja, wenye nyumba na wasio na nyumba, na mzee mmoja mwenye kofia iliyochanika alisema kitu kilichowafanya wenzake waangue kicheko.

"Amesemaje? Amesemaje?" Mama alikuwa ameshanyanyuka kwenye kigoda.

"Anasema ameishi mtaa huu miaka mingi, na leo ndiyo mara ya kwanza anajua jirani yake anapika vizuri."

Mama akapiga makofi. Alicheka mpaka nikamkumbusha kwamba daktari alimkataza kuyatingisha macho. "Ni sisi!" alisema. "Jamani, si ni sisi hao? Mwambie mkeo, si ni sisi?"

Mume wangu alinitazama akitabasamu, kwa sababu alijua mara moja Mama anazungumzia nini. Yeye mwenyewe alikuwepo.

Nilikuwa darasa la sita upepo ulipochukua paa letu Handeni. Lilikuwa paa la bati, la kwanza kitongojini kwetu. Nyumba nyingine zote ziliezekwa kwa nyasi. Baba alizinunua bati zile hapa Korogwe mjini, kwenye duka la familia moja ya Kihindi, akazipakia kwenye lori la magunia, akakaa juu yake njia nzima ili zisipigwe na upepo. Alizipigilia mwenyewe. Jua likiwaka, nyumba yetu ilikuwa ikimetameta mpaka wafugaji wanaopita na ng'ombe wao wanaitumia kuelekezana njia. Baba alikuwa akisimama uani jioni kuitazama tu.

Upande wa chini wa shamba letu walihamia watu tuliowaita watu wa kambi. Wazee wao walitoka Songea enzi za manamba kuja kukata mkonge, na shamba la mkonge lilipopunguza wafanyakazi wao wakanunua ardhi jirani na sisi. Walikuwa Wakristo, sisi Waislamu, lakini ugomvi haukuwa wa dini hata kidogo. Ugomvi ulikuwa wa mbuzi. Mbuzi wa mama mmoja wa kwao waliingia kwenye mahindi ya Mama wakati yanaanza kubeba. Mama akaenda kulalamika, yule mama akajibu kwamba mbuzi hajui mpaka, na Mama akasema basi mwenye mbuzi aujue. Misimu miwili hawakusalimiana. Walikuwa wakipishana kwenye njia ya kisimani, kila mmoja anaitazama ndoo yake.

Ilikuwa Ramadhani. Baba alikuwa amekwenda Korogwe kutafuta vipuri vya baiskeli na alitarajiwa kesho yake. Alasiri mbingu upande wa Kilindi ikawa na rangi ya shaba. Kwanza ulikuja mchanga, halafu kuku wetu wakapita mlangoni wakiwa hawakanyagi chini. Mama alituvuta mimi na wadogo zangu chini ya kitanda kikubwa cha mbao, akajilaza ukingoni kutuzuia tusitoke.

Watu wakisimulia upepo husimulia ngurumo. Mimi nakumbuka misumari. Ilikuwa inang'oka mmoja baada ya mwingine, kwa mlio kama wa mtu anayefumua mshono wa nguo nzito. Halafu ukaja mshindo mmoja, na pale chini ya kitanda, tulipokuwa kwenye giza, kukawa na mwanga. Niliuona uso wa mdogo wangu waziwazi, na utando wa buibui nyuma ya sikio lake. Mvua ikaanza kunyesha chumbani.

"Mama," mdogo wangu akauliza, "paa limekwenda wapi?"

"Limekwenda matembezi," Mama akasema. "Tulia."

Lilikuwa limekwenda kwa jirani. Tulipotoka tukaona bati zetu zimetawanyika kwenye muhogo wa yule mama, moja imekumbatia shina la mkwaju, na kipande kizima, bati kadhaa zikiwa bado zimeshikana na mbao zake, kimetua juu ya zizi la mbuzi. Nyumba yao ya nyasi ilikuwa imenyofoka kidogo tu pembeni, kama mtu aliyenyolewa vibaya. Na mwenyewe alikuwa anakuja kwetu mbio, amejifunika gunia kichwani, mikono imekumbatia mkeka na blanketi.

Hapa ndipo penye mgogoro mpaka leo. Mimi nakumbuka kwamba alisema, "Jirani, lete watoto." Mama anasema yeye ndiye aliyetangulia, aliuliza, "Mbuzi wako wapo salama?" Vyovyote ilivyokuwa, baada ya dakika chache tulikuwa jikoni kwa watu wa kambi tukikausha nywele motoni, na Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda cha mtu ambaye asubuhi ile asingemwazima hata kijinga cha moto.

Baba alirudi kesho yake asubuhi akikokota baiskeli kwenye tope. Alipofika kwenye kona ya mkwaju aliona nyumba yake iko wazi juu kama chungu kisicho na kifuniko. Akageuka upande wa pili akaona bati zake zimekaa vizuri kabisa juu ya zizi la jirani, na mbuzi wamelala chini yake wakicheua. Baba alikuwa mtu mpole, na pia alikuwa na swaumu, lakini siku ile alisahau vyote viwili.

"Nyie watu!" alipiga kelele pale njiani. "Mbuzi wenu wamekula mahindi, tumenyamaza. Sasa mnaniezulia na bati?"

Mama akatokea kwenye mlango wa jirani, ungo mkononi, unga mpaka kwenye viwiko. "Shusha sauti," alimwambia. "Watu wamewalaza wanao, wewe unawatukania nini?"

Baba aliitazama nyumba yake, akamtazama Mama, akaitazama nyumba ya jirani. Akaiegemeza baiskeli kwenye mkwaju na kukaa chini kwenye tope, na suruali yake ya safari. Mwenye mbuzi akamtolea kigoda. "Pole, baba," akamwambia. "Zizi nilikuwa nitaliezeka mwakani, wewe umeniwahi." Ilichukua muda, lakini Baba alicheka. Nadhani kicheko kile ndicho kilichotuvusha wote.

Mahindi yetu yalikuwa yamehifadhiwa darini, na dari nayo ilikwenda na paa. Magunia yalilowa chapachapa. Mahindi yaliyolowa hayasubiri. Usipoyafanyia kitu yanachipua au yanaoza. Mama na mwenye mbuzi wakayakagua pamoja, wakaamua wayatwange yote na kuyapika makande. Maharage yalitoka kwa majirani, kila nyumba na kibaba chake, na nazi moja moja kwa waliokuwa nazo. Walipika kwenye masufuria ya misiba, yale makubwa yanayokaa kwa mjumbe, uani kwetu, mbele ya nyumba isiyo na paa. Hata wafugaji waliokuwa wakielekezana njia kwa bati letu walikuja na vibuyu vya maziwa.

Jua lilipotua tukafuturu wote. Wasiofunga walingoja pamoja na waliofunga. Yule mama Mkatoliki alikuwa amekaa na mwiko mkononi, akiwapiga vidole watoto wake kila walipotaka kuonja, mpaka adhana iliposikika kutoka upande wa barabarani. Nimekula makande mengi maishani, ya kwetu na ya Washambaa wa Vugiri ambao wanajua sana kuyapika, lakini sijala mengine yaliyokuwa na moshi na furaha kiasi kile. Tulikaa kwao mpaka Idi ilipopita. Yule mama alikuwa akiamka kutuwashia moto wa daku, ingawa yeye hakuwa na la kula saa zile, akisema hawezi kulala watu wanahangaika jikoni mwake.

Baba aliporudi Korogwe kutafuta misumari, mzee wa lile duka la bati alisikia habari yote tangu mwanzo. Alimfungia misumari ya bati kwenye gazeti, ya kutosha na kubaki, akakataa kupokea kitu. Alimwambia tu, "Safari hii mtafute fundi."

Fundi alipatikana. Na waliokuwa wakimkusanyia bati kutoka kwenye muhogo na kuzinyoosha kwa nyundo ya mbao walikuwa baba mwenye mbuzi na watoto wake, akiwemo mmoja aliyekuwa mbele yangu darasa moja. Shuleni hatukuwahi kusemezana, kwa heshima ya ugomvi wa mama zetu. Siku ile alipita mbele yangu, bati kichwani kama mwavuli, akaniuliza kama na hili ni letu au ni la mbuzi. Miaka mingi baadaye, baada ya yeye kupata leseni ya lori na mimi kumaliza masomo ya kushona, tulifunga ndoa bomani, na mama zetu wawili walikaa benchi moja, kila mmoja akimfuta mwenzake machozi kwa ncha ya khanga.

Basi ndiyo maana Mama alipowaona wale watu wa ng'ambo wanachoma nyama barabarani alisema ni sisi. Nilipofikiri zaidi niliona si sisi kabisa. Sisi tuliondokewa na paa, hatukuzika mtu. Wao walizika wengi, na makala ilionyesha pia walioachwa kwa siku nyingi bila maji ya kunywa, na mitaa ambayo hakuna aliyekuja kuitazama. Lakini sikumkatalia Mama. Kuna kitu alikiona pale kwa macho yake mapya, na mimi pia nilikuwa nimekiona.

Makala ilipokwisha aliuliza, "Sasa tunawapaje pole?"

"Mama, ni mbali sana. Na jambo lenyewe ni la zamani."

"Pole haina zamani," alisema. "Yule bibi alikuwa peke yake."

"Ndiyo, mama."

"Nipigieni simu kwa mkwe."

Mkwe ni yule mwenye mbuzi. Wakati ule alikuwa bado Handeni, kwenye nyumba yake, ambayo sasa ni ya bati. Mume wake alishafariki, kama Baba alivyofariki, na Mama naye alikuwa akiishi peke yake kwenye nyumba ya juu. Kwa miaka mingi sisi watoto tumewabembeleza wote wawili wahamie Korogwe. Tuliwaonyesha chumba. Tuliwaambia kuna hospitali, kuna maji ya bomba. Mama alisema Korogwe kuna mbu wanene. Mkwe wake alisema hawezi kuwaacha mbuzi. Tukachoka, tukawa tunapiga simu tu, asubuhi na jioni, na siku simu isipopokelewa moyo unaruka.

Mume wangu aliweka simu kwenye spika. Mama hakungoja hata salamu zikamilike.

"Mkwe, nimeona kimbunga!"

"Kiko Korogwe?"

"Hapana, kwenye televisheni. Cha Wamarekani. Njoo uone, watu wamekula barabarani kama sisi mwaka ule wa bati."

"Mwaka ule niliokuja kukuchukua na gunia kichwani?"

"Mwaka ule niliokuuliza kwanza habari za mbuzi wako."

"Wewe hukuniuliza kitu, ulikuwa umeduwaa kama kuku wa mvua. Nakuja, tutaulizana huko huko."

Akaja kweli, katikati ya wiki, na mbuzi amewakabidhi kwa mjukuu wa ndugu yake. Mume wangu aliitafuta ile makala kwenye simu mpaka akaipata, akaiunganisha na televisheni. Wazee wetu wawili wakakaa mbele yake, khanga zimegusana. Sasa Mama ndiye aliyekuwa anatafsiri. Alikuwa anajua kila kinachofuata na alikisema kabla hakijafika. Alimwonyesha jokofu juu ya mti na mashua kitandani. Kwenye wale wachoma nyama walicheka pamoja, ingawa yule mzee wa kofia sasa alisema maneno mengi zaidi kuliko mara ya kwanza, kwa sababu Mama alikuwa ameyapamba.

Ilipofika kwenye yule mwanamke wa ngazini, Mama hakutafsiri. Mkwe wake hakuuliza. Waliangalia tu mpaka ikapita.

Jioni tukiwa tunakula, mkwe akavunja tonge, akaliweka chini.

"Tumezungumza," alisema. Alikuwa anamwambia mwanawe, lakini alitutazama wote wawili. "Hatuji Korogwe. Lakini na sisi hatutaki kupigiwa simu isiyoita. Tutakaa nyumba moja."

Mume wangu akashusha glasi ya maji. Miaka yote tulikuwa tukiwavuta kuja kwetu, na umbali kati ya milango yao ni wa kusikia mtu akikohoa.

"Nyumba ipi?" mume wangu akauliza, na hapo ndipo alipokosea.

"Kwangu," wakasema wote kwa pamoja.

Ilibishaniwa mpaka chakula kikapoa. Nyumba ya Mama ni kubwa na ina kisima karibu. Nyumba ya mkwe ina kivuli na jiko zuri. Mkwe alisema hawezi kuhama akaacha mbuzi wakilala bila mtu. Mama alisema mbuzi wale waliwahi kulala chini ya bati zake, kwa hiyo wanazijua, hawatapata shida. Nilicheka mpaka nikapaliwa. Mwisho wakakubaliana wakae kwa Mama, zizi lijengwe upya karibu na dirisha la chumba cha mkwe, na nyumba ya mkwe iwe ya kuhifadhia mahindi na ya kupokelea wageni. Halafu Mama akatoa sharti lake moja.

"Kwenye ile makala nimeona wanafunga paa ukutani kwa mikanda ya chuma. Na mimi nataka."

Tulikwenda Handeni jicho la kushoto lilipopona. Mume wangu alimchukua fundi wa hapa Kilole, wakapanda na mikanda ya chuma na misumari mirefu. Wakafunga kenchi, zile mbao zinazobeba paa, kwenye lenta ya juu ya ukuta kila pembe, wakarudia na katikati. Wazee walikaa chini wakisimamia. Mama aliona kila kitu. Aliona mkanda uliokaa upande, aliona msumari uliopinda, akamwita fundi kutoka juu ya bati aje aurudie. Fundi alishuka mara nyingi kiasi kwamba mwishowe alimwomba mume wangu, kwa sauti ya chini, amrudishe bibi hospitali wamfunge bandeji kidogo.

Wanaishi pamoja sasa, msimu wa pili huu. Wanagombana, hasa kuhusu chumvi na kuhusu nani alale upande wa mlango. Mara mbili mkwe amefungasha na kushuka kwenye nyumba yake ya zamani, na mara zote mbili alirudi kabla ya jua kuzama kwa sababu, alisema, kule chini kuna panya kwenye mahindi. Simu zetu zinaita na kupokelewa, mara nyingi na wote wawili kwa pamoja, kila mmoja akisimulia habari ya mwenzake.

Mwezi uliopita nilikwenda kuwatazama bila kutoa taarifa. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha na udongo ulikuwa mwekundu na laini. Niliwakuta shambani, wameinama kwenye karanga wakipalilia, mmoja mstari huu, mwingine mstari wa pili, wanakwenda sambamba.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba," wakaitikia bila kunyanyuka.

Nikauliza habari za afya, za macho, za miguu. Zote njema. Nikaanza kueleza kwamba nimeleta sukari na sabuni na kitenge kimoja kimoja. Mama akajinyoosha, akaweka mkono kiunoni, akanitazama kwa yale macho ambayo sasa hayapitwi na kitu, kuanzia viatu vyangu vya mjini mpaka kilemba.

"Kuna jembe la tatu pale kwenye muhogo," akasema. "Hilo jepesi."

Nikavua viatu.